Pipa Lililoandikwa Kali

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeketi vizuri, mguu wako wa kushoto umeacha ukorofi, na dada anakuruhusu ulalamike walau mara moja kwa siku, maana ukinyimwa hilo ndipo utaugua kweli. Mimi sijambo. Kile kikohozi kimekwisha, mikono ina michubuko ya kawaida ya kusukuma mapipa, na usingizi naupata. Wenzangu wote kiwandani wanakusalimu, hasa mtunza stoo, ambaye mpaka leo hataki mtu akalie kiti chako.

Habari za kazi ni nyingi. Lile tangi ulilokuwa ukilipiga teke ndipo vali yake ifunguke limewekewa vali mpya. Sakafu ya chumba cha kupikia imetiwa saruji, hatutelezi tena. Lakini kubwa kuliko yote ni hili la bia nyepesi, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Unakumbuka mama mwenye kiwanda alivyoanza kulisema mwaka wako wa mwisho kazini. Alituambia wateja wake wengi wanaendesha magari, wengine wanarudi kazini baada ya chakula cha mchana, nao wanataka bia watakayoinywa wakabaki na akili zao. Wewe ulimjibu mbele yetu sote kwamba bia nyepesi ni maji yaliyosimuliwa habari za shayiri. Tulicheka mpaka mtunza stoo akaketi chini. Mimi nilicheka, na niliamini. Ulipostaafu, kazi yenyewe ikaniangukia mimi.

Mara ya kwanza niliboronga. Nilichukua vipimo vyako vya bia kali nikapunguza kimea nusu, nikajiona nimemaliza. Kilichotoka kilikuwa maji ya kusuuzia glasi. Mara ya pili nikaongeza hopsi, nikidhani uchungu wa yale maua utaficha upungufu, ikawa uchungu mtupu usio na kitu cha kuushikilia. Nikakaa na daftari lako wiki nzima nikitafuta kosa. Mwishowe nikaona kosa ni kuichukulia bia nyepesi kuwa ni bia kali iliyokatwa mkia. Ilibidi niianze upya kama bia yenyewe. Nililoweka kimea katika maji ya moto zaidi kuliko ulivyonifundisha, ili sehemu ya sukari yake iishinde hamira, isigeuke kilevi, ibaki mdomoni na uzito wake. Nikachanganya na shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa na rangi ya kahawa. Hopsi nyingi nikazitia mwishoni kabisa, bia ikiwa imeshapoa, zikaacha harufu ya ganda la chungwa. Baba, nilipoionja nilisimama nikasahau kuweka glasi chini. Kali yako ina kilevi asilimia nane. Hii ina mbili na nusu, na ulimi wangu haukuona kilichopungua.

Sasa nifike penye neno lenyewe. Siku ile nilikuwa na mapipa mawili ya majaribio ya bia nyepesi. Moja lilikuwa limepooza, na la pili, hili nililolisifia, lilikuwa limekolea, linang'ata ulimi vizuri. Ili nisiyachanganye, nikachukua chaki nikaandika KALI kwenye hili lililokolea. Mimi nilimaanisha ladha. Kesho yake homa ikanilaza nyumbani, na ndiyo ilikuwa siku ya dereva wetu kukuletea kreti yako ya kila mwezi. Aliambiwa akujazie bia kali. Akaona pipa limeandikwa KALI, akajaza, akabandika lebo yako ya siku zote, akaondoka zake anapiga mluzi. Simlaumu hata kidogo. Anayesema kali kiwandani kwetu hana haja ya kueleza kali ya nini.

Niliporudi nikakuta pipa limepungua, nikaelewa. Jioni ileile nikaandika barua ya kukuomba radhi. Kabla sijaiposti, ikafika yako. Uliniambia umekunywa bia ya kiwanda chetu miaka yote na hujawahi kupata chupa kama zile. Ukasema ina mwili, ina harufu, inakaa kooni muda mrefu baada ya kumezwa, na kwamba hiyo ndiyo kali. Ukamalizia kwamba sasa unaweza kulala ukijua umeacha mpishi pale. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikairudia mara tatu. Yangu nikaichana.

Mwezi uliofuata nilimwelekeza dereva mimi mwenyewe ajaze kutoka pipa lilelile, na lebo iwe ileile ya bia kali. Hapo halikuwa kosa la chaki tena. Kreti sita umekunywa hivyo, Baba, na zote zilikuwa za bia nyepesi uliyoicheka.

Dada naye akaniandikia kwamba siku hizi unamaliza chupa mbili na bado unasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, husinzii mezani kama zamani. Nikaishika habari hiyo kwa mikono miwili. Nikajiambia nanyamaza kwa faida yako. Nilijidanganya. Ningekuwa nakujali kiasi hicho ningekwambia ukweli uchague mwenyewe, wewe si mtoto. Nilinyamaza kwa sababu ulinisifu. Miaka kumi na moja nimefanya kazi chini yako, na neno kubwa nililowahi kupata lilikuwa kwamba safari hii sikuharibu. Niliposikia neno tamu nikaogopa kulipoteza. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo lilivyo.

Ningeendelea kunyamaza kama si barua uliyomwandikia mama mwenye kiwanda wiki iliyopita. Alitusomea kwa sauti wakati wa chakula. Ulimsihi asithubutu kuitoa bia nyepesi kwa jina la kiwanda, aimwage mtaroni, na badala yake apike kwa wingi ile kali anayokuletea binti yako. Wenzangu wakanipigia makofi. Mama mwenye kiwanda akasema neno lako ni zito kwake, na kwamba Ijumaa ataamua. Yaani ulikuwa unaiua bia yako mwenyewe uipendayo, na mimi nimekaa pale nashangiliwa.

Leo asubuhi nilimfuata ofisini nikamweleza yote, tangu chaki mpaka kreti ya sita. Akasema hataamua lolote mpaka asikie kutoka kwako, safari hii ukiwa unajua unachokunywa. Kwa hiyo dereva anakuletea chupa zilezile, lebo zimeandikwa bia nyepesi na kiasi cha kilevi. Ukiona nimekudhalilisha, mwambie aimwage. Sitabisha, na nitarudi kupika kali yako kama ulivyonifundisha.

Msalimie dada, umwambie asikukatie maneno ukinikasirikia, unayo haki. Wasalimie na majirani wanaoniulizia. Mguu uukande asubuhi, usisubiri mpaka uanze kuuma.

Ndani ya bahasha hii utakuta ile barua yako ya kunisifu. Nimekuwa nikiiweka chini ya mto, lakini si yangu, maana uliisifu bia usiyoijua na binti aliyekuwa anakuficha ukweli. Ukishakunywa na kusoma lebo, kama bado unayaona maneno yale ni ya kweli, nirudishie.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako.