Watu Watano wa Nyumba ya Bluu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na lile goti lisiwe linakusumbua kama siku za msiba. Mimi mwili ni mzima. Nakula, kazini naenda, usingizi ndio wa kuokoteza. Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani waliosimama nasi waambie bado nawashukuru.

Tangu tumzike mjomba sijapata kukueleza sawasawa alivyoishi huku. Watu walikuwa wengi, kila mmoja akiuliza lake, nami nikawa najibu juu juu. Lakini wewe ndiwe dada yake uliyembeba mgongoni. Una haki ya kujua.

Alipoondoka nyumbani alituaga kwa mzaha, kwamba kipande chake cha shamba la babu kimekuwa chembamba hivi kwamba akilala katikati, miguu inaamkia kwa jirani. Mto nao ulikuwa umebaki mawe. Akabeba sanduku lake la kushonea viatu akaja mjini, akatuambia amefikia kwa rafiki karibu na soko. Kila nilipompigia simu kutaka kumtembelea, alinijibu nisubiri kwanza apake chokaa ukutani, nisije nikaona aibu. Miezi minane chokaa haikukauka. Unamjua mdogo wako kwa haya zake.

Kumbe alikuwa amepanga chumba kilimani, upande wanakochoma matofali. Nilipohamia mji huu kilima kile kilikuwa na miti hadi juu. Miti ikaishia kwenye tanuri, udongo ukachimbwa ukawa matofali, matofali yakajenga nyumba palepale ulipochimbwa udongo. Kila anayefika anakata ngazi kwa jembe, anabandika chumba, na mwenzake anakata chini yake. Choo cha huyu kiko juu ya paa la yule. Mitaro hakuna, maji hupita yanapotaka. Na mwenye nyumba akiona wageni hawaishi kuja, huongeza vyumba uani, vya mabati, na kuvifunika na kamba za nguo ili watu wa manispaa wasivione.

Ulifurahi nilipokuambia nimepata ukarani wa sensa. Sikukuambia kuwa nilipangiwa kilima hicho.

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, upande mzima wa machimbo ukateremka. Niliitwa mimi kwa sababu kule hakuna majina ya mitaa wala namba za nyumba. Aliyejua nyumba ipi ilikuwa wapi na ina watu wangapi ni mwenye ile orodha. Kiongozi wa waokoaji alikuwa mama mmoja mfupi, sauti imemkauka. Katapila lilikuwa moja na mvua haijakatika. Kwa hiyo aliamua hivi: tukifika kwenye nyumba namsomea idadi, wanachimba mpaka idadi itimie, kisha wanahamia nyingine. Ulikuwa uamuzi wa busara, mama. Usimlaumu yule mama.

Mjomba alipatikana na mafundi wa matofali siku ya tatu ya kuchimba, nyuma ya nyumba moja ya bluu, chini ya bati lililokuwa limeegemea ukuta likaacha nafasi ya mtu kuketi. Nilimtambua mimi. Nikamleta nyumbani, ukanishika mikono mbele ya watu ukasema, mikono hii imenirudishia ndugu yangu. Tangu siku hiyo sina raha na mikono yangu.

Najua dada ndiye anayekusomea. Dada, tafadhali, kama kuna watu hapo, waombe wakupisheni, kisha ndipo uendelee.

Mama, nyumba ya bluu niliihesabu mimi. Lilikuwa jua kali, na nilitaka niwe wa kwanza kurudisha makaratasi. Nilishazoea kusifiwa kwa hilo. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akaniambia wako watano tu, yeye, mume na watoto watatu. Aliogopa kutozwa faini ya vile vyumba. Nilipokuwa naandika nikasikia nyundo ikigonga uani, polepole, kama mtu anayepigilia soli. Nikajua nyuma kuna mtu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka hatua kumi tu nikamuulize jina. Nikaandika watano, nikapiga chaki mlangoni, nikaondoka.

Na hilo si lote. Siku ya maporomoko walitolewa watu watano pale, watoto wawili wakiwa hai. Yule kiongozi akanigeukia.

“Watano?”

“Watano.”

“Una hakika? Nikiondoa katapila halirudi leo.”

Ile nyundo niliikumbuka, mama. Niliikumbuka wakati uleule. Lakini wasimamizi wangu walikuwa wamesimama pembeni, na kusema kuna mwingine ilikuwa kusema orodha yangu ni ya uongo.

“Nina hakika,” nikamjibu.

Katapila likaondoka. Daktari aliyempima mjomba aliniambia faraghani kwamba hakufa siku ile. Kucha zake zilikuwa zimeisha. Alikadiria aliishi mpaka kesho yake, pengine jioni. Ndiyo maana sikutaka aoshwe ukiwepo, nikasema amevimba.

Tangazo la ofisi limesema waliokufa ni kumi na mmoja. Kuna nyumba kumi na nane ambazo sikuzunguka uani. Nimeziandika zote nikampelekea msimamizi. Akaniambia hesabu imeshafungwa na nisitie watu hofu. Katapila limerudishwa lilikotoka. Kwa hiyo kila nikitoka kazini napanda na koleo, tunachimba na mafundi wa matofali. Jana tulimpata mwanamke na mtoto wake. Hakuna anayewajua majina.

Mwisho wa mwezi nitakuja nyumbani. Sitaingia mpaka uniite; nitakaa nje, hata kama ni siku nzima. Ukiona huwezi kuniita, mtume dada aniambie nirudi, nami nitarudi bila neno.

Mungu akupe nguvu za kuisikia barua hii hadi hapa.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako.