Bei ya Mtoto Asiyetulia

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Leo sijui uso wangu niuweke wapi.

Unaikumbuka ile karatasi ya bei niliyobandika ukutani studio? Picha ya mtoto, bei ya kawaida. Mtoto asiyetulia, aongeze nusu. Tukacheka wee, mimi na wewe.

Basi leo kaja wifi yangu na mwanawe, yule asiyeweza kukaa kitako hata akiwa anakula. Wakati naandika zile bei sikumfikiria. Wallahi sikumfikiria.

Wifi akaisoma. Nikamwambia, "Wifi, hiyo haiwahusu nyie."

Akasema, "Inatuhusu. Lakini atatulia."

Atatulia, shoga. Akampakata, akambana mikono. Picha zote nilizopiga, zote, mikono ya mama iko juu ya mikono ya mtoto. Na mtoto hacheki. Yule mtoto anayecheka hata na pazia, hacheki.

Karatasi nimeshaibandua, nimeichana. Haijanisaidia kitu.

Maana walipokuwa wanatoka, mtoto aligeuka pale mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, nimetulia?"