Mkono Uliokataa Ufunguo

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wanangu. Natumaini mu wazima, na kile kikohozi chako kimekwisha. Huku tunaendelea vizuri. Baba sasa anatembea kwa fimbo, ila bado anagombana na redio kana kwamba inamsikia. Nimekuwa mzito wa kuandika, ukininunia una haki.

Unajua nachonga funguo. Usilolijua ni kwamba miaka yote hii nilikuwa siwezi kuzungusha ufunguo kwenye mlango ambao mtu yuko upande wa pili. Mkono ulikuwa unakauka kuanzia kwenye kiwiko. Hivyo nilikuwa nachonga, nasugua, namkabidhi mteja aujaribu mwenyewe, na watu wakanisifu kwa adabu. Bosi wangu, mzee tunayemwita Tindo, alizoea kunitania kwamba mimi ni mpishi asiyeonja.

Miezi mitatu iliyopita mama mmoja alikuja mbio dukani, mwanawe kajifungia chooni. Nilifika na vifaa vyangu. Yule mtoto alikuwa anagonga mara tatu, ananyamaza, kisha mara tatu tena. Mkono ukagoma. Tindo ndiye aliyefungua, mimi nikiwa nimekaa sakafuni nalia mbele za watu. Kesho yake, bila utani hata kidogo, aliniambia niende kwa mtaalamu wa hipnosisi, ile tiba ya kumtuliza mtu kwa maneno, aliyemsaidia mke wake kuacha kuogopa sindano.

Nilidhani nitakuta mtu wa kunipungia saa ya mnyororo machoni. Nilimkuta muuguzi mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kawaida kabisa, katika chumba kilicho juu ya duka la miwani. Alinieleza kwamba sitalala wala sitatawaliwa na mtu. Nitatulia tu, akili ijikusanye mahali pamoja, ndipo maneno yake yapate pa kushika. Alisema tiba hiyo huweza kupunguza hofu, maumivu, hata kukosa usingizi, ingawa si kwa kila mtu, na kwamba haifuti kitu. Nikamwomba anirudishe siku ile ya moto, nione ni nani aliyefunga mlango wa stoo. Akakataa katakata. Alisema kumbukumbu si kanda ya kurudisha nyuma, na mtu akiwa katika hali ile anaweza kutunga jambo kisha akaliapia maisha yake yote.

Basi tukashughulikia mkono tu. Nilifumba macho, nikahesabu pumzi, nikauona mkono wangu una joto na umeshika ufunguo. Nyumbani nilifanya mazoezi kila siku kwa kufuli kuukuu. Wiki za kwanza sikuona chochote, nikaanza kunung'unika. Ila wiki iliyopita mzee mmoja alikwama bafuni kwake, na nikamfungulia kwa mkono wangu huu. Tindo alinunulia duka zima soda.

Lakini kugonga hakujaisha, kaka. Nasikia mtu akigonga mchana kweupe, mashine ikiunguruma. Nilipomwambia yule mama, aliniuliza ni mlango gani unaogongwa. Nilimjibu, na sasa nakujibu wewe.

Sikusahau hata siku moja. Ulipokwenda kuoga, uliuvua ufunguo wa stoo shingoni ukauweka juu ya pipa. Mdogo wetu alikuwa amechana daftari langu. Nikamfungia stoo, nikaurudisha ufunguo pale pale, nikaenda kucheza mpira. Nilipokuwa naondoka aligonga mara tatu, akanyamaza, akagonga tena, nami nikamwambia akome. Jiko lililipuka nikiwa uwanjani, na moto ukamuua mle ndani. Baba alipokukuta na ufunguo shingoni, alipokufukuza ukiwa na miaka kumi na sita, nilijificha nyuma ya mama nikasema sikumbuki. Miaka thelathini na moja nimesema sikumbuki. Na kwa yule mama nilikwenda nikitumaini akili yangu itatunga mtu mwingine aliyefunga, hata kama ni wewe. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Jumapili nilimwambia baba. Alizima redio. Kisha akaniuliza kama anwani yako ninayo. Alisema nikikuandikia nimwachie nafasi, maneno yake atayaandika mwenyewe.

Siombi unisamehe kwa karatasi. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na ukitaka kuwaeleza baba yao mdogo ni mtu gani, waeleze. Nafasi ya baba nimeiacha hapa chini. Ameshika kalamu tangu asubuhi. Ukiikuta tupu, jua kwamba alijaribu, na kwamba mkono wake umekataa kama wangu ulivyokuwa ukikataa.

Mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Kisigino.