Darubini Uliyonitumia

Mdogo wangu Anselm,

Huku Minnesota theluji ya kwanza imeanguka, nasi tu wazima. Darubini yako ya kulengea imefika salama. Nakushukuru, ila hukufikiri: bunduki ya baba ni ya wenzo, ile inayokokwa kwa mpini wa chini, nayo hutupa maganda ya risasi juu, palepale ulipotaka ifungwe.

Nilipompelekea, fundi wa bunduki Rudy alicheka. "Bibi, ganda la kwanza litaigonga darubini likurudie usoni!"

"Basi ifunge ubavuni."

"Utalenga umepinda shingo kama kuku anayesikiliza mvua."

Sikukuambia kwamba jicho langu la kulia limeingia ukungu. Ncha ya mtutu naiona kama imezama kwenye maziwa. Binti yangu Greta ameshaapa: nikishindwa kulenga mwaka huu, siendi tena msituni kuwinda. Hilo limeninyima usingizi.

Rudy akafunga nyuma ya bunduki, karibu na jicho la mlengaji, pete ndogo yenye tundu. "Usilitazame tundu," akasema. "Tazama ncha tu, jicho litajipanga lenyewe."

Nilibisha, kisha nikapiga risasi chache. Greta alikwenda kuikagua karatasi ya shabaha, akarudi nayo mkononi, matundu yamekaribiana katikati.

"Haya, mama," akasema. "Lakini tunakwenda wote, na hutapanda mtini kuvizia."

"Nani kasema nitapanda?"

"Nakujua!"

Darubini nitakurudishia. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika, "Dada, ulikuwa mwindaji hodari." Sahihisha kitenzi.

Dada yako,
Solveig