Fomu Haiulizi Maji

Jumatatu, 17 Novemba 1997

Mkuu wetu Douglas karudi kutoka semina Kampala na mashine. Inaitwa jipiesi. Ukubwa wake kama redio ya mkononi ya polisi, ila haisemi. Afadhali, maana Douglas anasema kwa niaba yake. Semina ya siku tatu tu, na tayari anatamka "setilaiti" kama padre anavyotamka Yerusalemu.

Kazi ya mashine ni kutuonyesha njia ya kutoka hapa Jinja kwenda Mbale. Njia ya Mbale! Nicanor ameiendesha miaka kumi na moja, kwanza lori la magereza, sasa gari letu la chanjo. Anaijua hadi mbuzi wa kando. Lakini wafadhili wanataka uthibitisho kutoka mbinguni.

Kuna na fomu. Upande mmoja njia iliyopangwa, upande wa pili njia iliyokokotolewa na mashine. Chini: Je, zinalingana? Ndiyo au Hapana. Kisha sahihi ya mkaguzi. Mkaguzi ni mimi, karani wa stoo — kwa sababu ofisi nzima ni mimi peke yangu nisomaye ramani. Mzee wangu Marjan alikuwa mwanajeshi wa mizinga. Alinikalisha na rula nikiwa na miaka tisa, wenzangu wakiruka kamba nje. Sikujua kwamba hesabu za mizinga zitakuja kupiga surua.

Naandika kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu na daftari naliacha mezani bila wasiwasi. Kiswahili cha Douglas ni kile cha askari wa vizuizi vya barabarani tu: simama, fungua buti.

Jumanne, 18 Novemba

Nimekagua. Douglas ameingiza vituo vitano: Jinja, Iganga, Bugiri, Tororo, Mbale. Ndiyo barabara ya lami, ndiyo tuliyoipanga. Mashine inapima mstari ulionyooka toka kituo hadi kituo, basi na mimi nikapima hivyo hivyo kwenye ramani. Rula: kilomita 162. Mashine: 350.

Nikamwita. Akatazama rula yangu kwa huruma.

"Setilaiti ni ishirini na nne, Mama Shadiah. Rula yako ni moja."

Nikakaa na ile moja yangu. Jinja hadi Bugiri ndipo pameharibika. Nikasoma namba za Iganga moja moja — herufi! Badala ya N ya kaskazini ameweka S ya kusini. Iganga imeruka ikweta na kutua katikati ya ziwa. Chanjo ya surua tungewapelekea sangara.

Nicanor alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Douglas hakucheka. Alibadilisha herufi akiwa ametupa mgongo. Mashine ikasema 162.

Alasiri nimemsikia kwenye simu akiwaambia wakubwa wa Kampala kwamba katika majaribio yake amegundua kasoro ndogo ya mashine.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Watu wanasema Elinino, kila mtu sasa mtaalamu. Boda boda aliyenitoa nyumbani Mpumudde alisukuma baiskeli zaidi ya alivyoipanda, na mimi kando yake nikishika viatu.

Douglas hajanisalimia. Kajifungia na mashine.

Alhamisi, 20 Novemba

Kumbe alikuwa anatunga. Leo nimekuta mezani mpango mpya: Jinja, Iganga, kisha moja kwa moja Mbale kwa barabara ya Tirinyi. Ya udongo. Inavuka mto Mpologoma na kinamasi chake, mwezi huu wa mvua. Nikamuuliza nani kapanga. Akasema mashine imeonyesha ni kilomita 130 tu, ya kwanza ilikuwa kupoteza mafuta ya wafadhili.

Basi nikakagua. Njia ya mashine na njia iliyopangwa zinalingana hadi nukta ya mwisho. Zisilingane vipi? Ameitoa hii ndani ya ile. Mwanafunzi kamwandikia mwalimu majibu, sasa mimi nisahihishe.

Saa tano Nambozo akapiga simu. Ndiye nesi wetu wa Mbale, anayetunza friji ya chanjo kule stoo ya viwandani. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema surua imeshuka na watu kutoka mlimani, wiki hii wamezika watoto wanne wa kanisa moja. Ametangaza chanjo Jumamosi asubuhi, na akina mama wengine wameshaanza kuteremka kwa miguu. Friji yake haina chupa hata moja. Nikamuuliza hali ya barabara ya Tirinyi.

"Dada, msipite huko. Mabasi yanaishia majini. Watu wanabebwa mabegani."

Nicanor naye alikuwa amesikia hayo hayo stendi. Nikaenda kwa Douglas, nikamwambia yote, pamoja na watoto wanne. Alisikiliza, sitasema hakusikiliza. Alisugua macho. Akasema mpango umeshapelekwa Kampala, Jumatatu wafadhili wanakuja kuona njia ya kwanza iliyokaguliwa kwa setilaiti, na aibu ya Jumanne inatosha. Kisha akanisogezea karatasi.

"Fomu haiulizi maji. Inauliza kulingana."

Kweli. Haiulizi maji. Na zinalingana.

Nikatia alama kwenye Ndiyo, nikatia sahihi. Mkataba wangu unaisha Desemba na Shadiah bado yuko sekondari. Nimemcheka Douglas siku tatu kwa herufi moja. Leo mimi nimekosea neno zima, tena nikijua.

Ijumaa, 21 Novemba

Tumeondoka alfajiri, watu watatu. Douglas kasema mkaguzi lazima awepo safarini ajaze vipimo kila kituo. Makasha manne ya barafu, chanjo za watoto elfu mbili. Hapa Jinja, penye bwawa lenyewe, umeme ulikatika jana kutwa! Barafu haikushika vizuri. Nicanor anakadiria itafika jioni, si zaidi. Kipimo cha kasha kilisoma digrii tano tulipopita Mafubira. Ikivuka nane chanjo itaharibika, tutakuwa tumebeba maji tu.

Iganga tukakata kushoto. Douglas mbele na mashine mapajani, amefunga tai. Kila baada ya muda anasema tupo mstarini.

*

Saa nne na robo. Naandika juu ya kasha. Mbele yetu barabara imekwisha.

Maji ya kahawia pande zote, vichwa vya mafunjo tu vimetokeza. Lori lililojaribu kupita jana limezama, paa lake ndilo tunaloliona. Wanaume wanavusha abiria mabegani, na mmoja wao alikuja dirishani akatuambia gari halipiti, wala tusijaribu. Douglas akamwonyesha mashine. Yule bwana aliitazama kwa adabu.

Douglas akamwambia Nicanor aingie polepole, kwa sababu njia ni sahihi. Nicanor akazima injini.

"Bwana Douglas, mimi nimebeba wafungwa, nimebeba maiti. Watoto elfu mbili sizamishi."

Nikasema turudi Iganga, tuzunguke kwa Tororo, mwendo wa saa tano au sita hivi, tutawahi kabla barafu haijaisha. Douglas akasema tukizunguka fomu haitalingana. Akaifuta mashine kwa ncha ya tai. Nilimwonea huruma kidogo, na hilo limeniudhi zaidi. Kisha akasema atapima kina mwenyewe. Akavua viatu, akakunja soksi, akaviacha kitini, akashuka. Tumemwita mara mbili. Hakugeuka.

Kipimo: digrii saba.

Nicanor akageuza kichwa. "Mama Shadiah, wewe ndiye mkaguzi. Unasemaje?"

Nimetoa fomu kwenye jalada. Nimekata Ndiyo, nimeandika Hapana, na sahihi yangu nyingine kando. Nimemwambia ageuze gari.

Limeshageuka. Tunatazama Iganga. Nyuma, kwenye kioo, Douglas yuko ndani ya maji hadi kiunoni, mashine kaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, na bado anakwenda mbele. Wabebaji wamesimama kumwangalia. Nicanor amepiga honi ndefu. Hageuki. Viatu vyake viko hapa, vimepangwa vizuri.

Saba na nusu. Nicanor amekanyaga klachi, gia imeingia. Ananingoja mimi niseme twende.