Alama Kwenye Ubao wa Tangi la Pili

Dada yangu,

Huku tu wazima. Mama bado anagombana na goti lake, na yule paka wako amezalia juu ya ovaroli yangu.

Uliniuliza shemeji alikufaje hasa. Kiwandani tunapika plastiki. Ndani ya tangi, chembe moja ikishaamka hudaka jirani yake, naye hudaka anayefuata, mnyororo unarefuka hadi maelfu. Kila chembe inapodakwa, joto linapanda, na joto nalo huamsha chembe nyingine. Dawa ya kukata minyororo isipotiwa kwa wakati, tangi hupasuka.

Anayetoka zamu ndiye hutia dawa, kisha huweka alama ya vema ubaoni; pasipo alama, anayeingia ndiye hutia. Sisi wazoefu huanza na alama, dawa tunairudia baada ya kuoga, ili tuwahi bafuni kabla ya foleni. Shemeji alikuwa akinitania, “Oga taratibu, shemeji, utajichuna ngozi!”

Siku ile alinipokea zamu, akatazama ubao, akaona alama, akaketi karibu na tangi kunywa chai yake. Ubao uliungua pamoja naye. Meneja akasema marehemu alisahau dawa, nami nikaitikia kwa kichwa.

Mazishini ulininong’oneza, “Kaka, mtu anayerudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango, asahau dawa?”

Alama ile niliiweka mimi. Ndoo ya dawa niliiacha imejaa.

Mwanao akiuliza, usimwambie tena kwamba baba yake alisahau.

Ni mimi kaka yako, kama bado utaniita hivyo.