Firigisi Uliyotuachia

Baba Joakimu,

Krismasi imepita na mimi nina hasira na wewe. Ulipokuwa hai sikukuficha kitu, sitaanza kukuficha leo uko kaburini.

Wanao walikuja wote wawili, Joakimu kutoka bandarini hapa mjini na Fidelisi kutoka Dar es Salaam, na wake zao. Wajukuu wakajaa nyumba nzima, wamelala mkekani kama dagaa walioanikwa. Tukatoka misa mvua ikatunyeshea, gauni jipya la Sabina wa Fidelisi likaingia matope. Akalia mpaka nikamwambia nitamrudisha kanisani akalilie huko. Hayo sawa. Sikukuu yenye watoto ndivyo ilivyo.

Balaa lilikuja na jogoo. Unajua mwenyewe, kila mwaka firigisi inawekwa mbele yako maana ni ya baba mwenye nyumba, na wewe hukuwa unaila. Unawapanga wajukuu mkekani, unatoa kile kisu chako kidogo, unaikata vipande kama kucha, kila mtoto na kiganja chake wazi. Nikikusema kwamba mwanaume mzima unagawa firigisi kama karanga, unanijibu, "Mama Joakimu, waache waonje wote, asije mmoja akajiona baba mapema."

Haya. Safari hii nimeileta kwenye kibakuli, nimesimama nayo, sijui niiweke mbele ya nani. Joakimu akanyoosha mkono. "Lete, mama. Mkubwa ni mimi."

Fidelisi akadakia, "Mkubwa wa wapi? Jogoo nimenunua mimi. Hata bati lililo juu ya kichwa chako nimeezeka mimi."

"Basi kale bati lako."

Mbele ya watoto, Baba Joakimu. Siku ya Krismasi. Mke wa Fidelisi akaingia ndani akaanza kukunja nguo za watoto, wanaondoka, na pilau hata halijapakuliwa. Nikaona hapa wakitoka hivi, hawarudi tena.

Na muda wote huo wajukuu walikuwa wameshajipanga mkekani, viganja wazi, wanangoja. Hakuna aliyewatazama. Sabina akaniuliza, "Bibi, kisu cha babu kiko wapi?"

Nikakichukua. Nikawaambia wale baba zao wakakae mwisho wa mstari, nyuma ya Sabina, wafungue viganja kama wenzao. Joakimu na mvi zake akakaa. Fidelisi akakaa. Nikakata. Mkono wangu si kama wako, vipande vikatoka vikubwa, firigisi ikaishia kwa Sabina. Wale wawili wakabaki na viganja vitupu.

Hawakucheka. Walikula pilau kila mtu amempa mwenzake mgongo. Lakini walikula, na walilala hapa.

Ulipokuwa unaumwa ulipata pumzi ya kusemea mikorosho, ukasemea mbuzi, ukasemea hata mlango wa choo. Hili la nani akae mahali pako ukaniachia mimi, mwanamke wa darasa la nne. Ulikuwa unawaogopa wanao, au ulidhani sitazeeka?

Basi sikia. Kisu kipo chini ya mto wangu. Maadamu ninapumua, firigisi ya nyumba hii nakata mimi, na hao wawili watakaa nyuma ya watoto kila Krismasi mpaka waanze kusogezeana nafasi wenyewe.

Lala salama. Mwakani nitajitahidi kukata vidogo.

Mama Joakimu